Bakuli la Magodoro

International City kila kundi la majengo limepewa jina la nchi, kwa hiyo mtu hutoka Uajemi akaenda kununua mkate Uhispania, akarudi, na hakuna aliyemwomba pasipoti. Nyuma ya Ugiriki, ubavuni mwa bakala moja, duka dogo la vyakula, pana benchi la chuma lililoachwa na mpangaji aliyehama, na kreti mbili za maziwa zilizogeuzwa viti. Hapo ndipo kijiwe kilipo. Kila jioni baada ya magharibi, Marhun, ambaye babu yake alitoka Unguja na yeye akazaliwa hapa hapa Dubai, huja na dele lake la kahawa. Wamempa jina la Sheha, kwa sababu hakuna neno linalopita kijiweni bila kibali chake. Austine, Mkenya wa ghala moja kule Jebel Ali, ni Takwimu. Badriya wa Tanga, mfuaji wa mashuka ya hoteli, ni Wakili, maana hajawahi kukubali kosa, lake wala la mwenzake. Na Hudson, Mganda, mlinzi wa mnara kule Marina, ni Afande. Jioni hiyo Afande alikaa pembeni kabisa mwa benchi, sare ya kazi bado mwilini, simu mapajani, na kahawa yake ilipoa kabla haijaonjwa.

— Bado? aliuliza Badriya, hata hajavua mkoba begani.

— Bado, alisema Hudson. Huko ndiyo kwanza asubuhi. Wanaingia mkutanoni sasa hivi.

— Mkutano wa nini tena? Mie natoka zamu, jamani, nihurumieni.

Austine alikohoa. Alikuwa akisubiri aulizwe.

— Mpira wa Marekani, Wakili. Ule wa mikono, mpira wenyewe kama papai. Timu za vyuo. Mwisho wa msimu wanachagua kumi na mbili, hao wanaingia mchujo, wanatoana mpaka apatikane bingwa. Jana orodha imetoka. Chuo anachosoma binti wa Afande kimeachwa mlangoni. Manze, mlangoni kabisa! Kiatu kimoja ndani, kimoja nje.

— Basi wamemaliza, warudi wakasome.

— Hawajamaliza. Kuna hizi mechi za bowl. Yaani bakuli. Timu zilizoachwa zinaalikwa mbili mbili, mechi moja, kikombe kimoja, khalas, kila mtu kwao. Hii waliyoalikwa inadhaminiwa na kampuni ya magodoro.

— Bakuli la magodoro! Badriya akaangua kicheko. Mshindi anapewa nini, uji kitandani?

Hudson hakucheka. Aligusa kioo cha simu, kikawaka, kikamwonyesha saa tu.

— Sasa wachezaji wanapiga kura, aliendelea Austine. Waende au wasiende. Na mimi nawaambia, hawaendi. Zamani bakuli lilikuwa heshima, mji mzima unafungasha. Siku hizi kama hauko kwenye mchujo, wewe ni hewa. Kocha ameshapata kazi chuo kingine. Yule mchezaji wao mkubwa amesema hachezi, anatunza magoti yake, mwezi wa nne anauzwa kwa mabwana wa mpira wa kulipwa. Wengine wameshahamia timu nyingine. Nani anabaki? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Mgema ameingiaje hapo? aliuliza Badriya.

— Ameingia tu. Ni mgeni.

— Hebu kwanza, alisema Marhun, akimimina bila kumwaga hata tone. Binti wa Afande anacheza mpira huo?

Hudson akainua macho. Swali hili alilipenda siku zote, na leo lilimchoma.

— Hachezi, Sheha. Cissy anapiga tarumbeta. Lile kubwa, linalomzunguka mtu mwilini kama chatu. Alianza nalo kwenye bendi ya parokia kule Masaka, tarumbeta lenyewe limemzidi kimo. Ndilo lililompeleka chuo. Timu ikienda, bendi inaenda. Timu ikikataa, bendi inarudisha sare stoo. Na huu ni mwaka wake wa mwisho.

— Na wapiga tarumbeta wanapiga kura?

— Hawapigi.

— Laa! Marhun alilitua dele chini. Dhuluma hiyo. Nyinyi hamjui asili ya mambo haya. Babu yangu alikuwa mtu wa beni. Mtaa huu na bendi yake, mtaa ule na bendi yake, sare, ngoma, matarumbeta, watu wanakesha kushindana. Mpira uko wapi hapo? Hakuna. Mie nakwambieni, hata hao Wamarekani walianza na bendi. Wapigaji wakichoka mapafu, vijana wakatiwa uwanjani warushe papai, watu wasiondoke. Mpira ni mapumziko ya bendi. Wao wameyapindua mambo, mapumziko yakawa ndiyo shughuli.

— Sheha, hiyo umeisoma wapi?

— Haijaandikwa. Ndiyo maana ni kweli.

Austine akashika kichwa. Badriya naye akaona amepata kesi.

— Mimi sijui beni wala papai, ila najua mwaliko. Umealikwa arusi. Arusi haina pointi, haina bingwa, lakini nani ataiita hewa? Ukisema siendi kwa sababu si mimi ninayeolewa, nani atakuja siku yako? Mkataa pema pabaya panamwita. Timu hiyo ikikataa, sikilizeni, miaka kumi haishindi. Miaka kumi! Na hiyo kampuni ya magodoro itakasirika, itapandisha bei, Wamarekani watalala chini, watakosa usingizi, na nchi yenye silaha nyingi vile ikikosa usingizi, sisi huku tutapona?

— Wakili ametufikisha vitani, alisema Austine.

— Nimewafikisha wapi? Nimewaonyesha njia tu.

— Wewe ngoja nikwambie siri ya huu mchujo. Austine alishusha sauti, akatazama huku na huku kama mtu anayeuza simu ya wizi. Mchujo umeletwa na watu wa televisheni. Zamani timu sabini, themanini, zilimaliza mwaka na furaha. Furaha nyingi hivyo haiuziki, buda. Mtu mwenye furaha anazima televisheni analala. Sasa wamehakikisha moja tu inafurahi, zingine zote zina hasira. Mtu mwenye hasira hazimi televisheni. Anatazama mpaka asubuhi, mgongo unauma. Halafu anauziwa nini?



— Godoro, alisema Marhun, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

— Godoro!

Kicheko kikawashika wote watatu. Hudson alitabasamu kwa adabu, akageuza simu uso chini, akaigeuza tena. 

Wakati huo msichana mmoja alikuwa amesimama karibu nao, mfuko wa plastiki mkononi, akitazama kituo cha basi upande wa pili. Aliuliza kama basi la kwenda metro limeshapita. Alijitaja kuwa Shadia, Mganda, yaya, wiki yake ya tatu hapa, na madam wake amemruhusu atoke jioni moja.

— Limepita, linakuja jingine, alisema Marhun. Kaa, mwanangu. Kunywa kahawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Unaumwa, mzee?

— Naumwa na hawa.

Shadia akakaa kwenye kreti, akashika kikombe kwa mikono miwili. Badriya alimweleza habari yote kwa pumzi moja, kuanzia kura mpaka vita. Austine akamgeukia Hudson.

— Lakini Afande, tuongee kiume. Hata wakienda, utaona nini? Bendi ina watu mia tatu. Sare moja. Kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi. Na yule wako amevaa chatu. Kwani hana simu? Si akutumie video?

— Ananitumia.

— Basi! Asiye na mwana aeleke jiwe, wewe mwana unaye na video unazo. Jiwe la nini?

Hapo hata Badriya hakuuliza methali imeingiaje. Hudson alikuwa amekunja midomo. Alizungumza akiitazama lami.

— Mwajua kazi yangu. Mbele yangu ukuta mzima ni skrini. Lifti zote naziona. Mtu akiingia na jirani, anacheka, anauliza habari za watoto. Jirani anashuka. Mlango unafungwa. Basi uso wake unashuka. Namna hii. Hudson alipitisha kiganja usoni, taratibu, kutoka paji mpaka kidevu. Wote, banange. Wenye magari makubwa, wapishi, madam na sir. Nimeona mtu ameegemeza kichwa kwenye kioo kutoka ghorofa ya juu mpaka chini. Mlango ukifunguka, uso unapanda tena, 'good evening, Hudson.' Miaka sita natazama. Uso wa mtu anayejua anatazamwa, huo si uso, ni mlango.



— Cissy katika kila picha amecheka. Tangu mwezi wa kumi ni kicheko kile kile, kama amekibandika. Nikipiga simu, 'niko poa, baba.' Dakika mbili, ana darasa. Dakika mbili, ana mazoezi. Zamani alikuwa anaongea mpaka namwambia, mwanangu, nilale. Kuna sir mmoja pale mnarani, Mmarekani, ameniambia mechi za kawaida wakifika mapumziko televisheni inaweka matangazo. Lakini bakuli, bendi inaonyeshwa, na kamera inapita karibu, mmoja mmoja. Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu. Nilitaka nimwone pale ambapo hajui kama namwona. Sekunde mbili zinanitosha. Mimi uso nausoma.

Gari la gesi lilipita polepole. Marhun aliinua dele, akalirudisha chini bila kumimina.  

— Basi lazima waende, alisema Austine. Nimebadilisha msimamo. Bakuli lina maana. Wachezaji wakikataa, iende bendi peke yake. Hata uwanja usiwe na mpira.

— Si ndivyo nilivyosema mie? alisema Marhun, ila kwa upole.

— Na kamera ziwe nyingi, aliongeza Badriya. Kila tarumbeta na kamera yake.

— Na kofia zivuliwe, sheria iandikwe...

— Samahani, baba, alisema Shadia.

 Alimtazama Hudson moja kwa moja, bila kejeli, kama mtu anayeuliza njia.

— Ukiuona huo uso umeshuka, utafanya nini?

 Hudson alimtazama Austine, Austine akatazama viatu vyake. Badriya, ambaye hajawahi kukosa hoja, alikuwa akihangaika na zipu ya mkoba. 

Utafanya nini. Hudson alimkumbuka yule mtu wa kioo, jinsi yeye alivyokaa kwenye kiti chake, akamtazama kutoka juu mpaka chini, akamwandalia 'good evening' yake. Mara ngapi? Na Cissy wa kwenye televisheni atakuwa mbali kuliko ghorofa yoyote. Hudson atauona uso, atausoma vizuri kabisa, halafu kamera itahamia kwa mtoto wa mtu mwingine.

Alisimama. Magoti yake yalitoa mlio. Alivuka njia nyembamba ya lami mpaka ng'ambo, chini ya taa, akabonyeza jina moja, akaweka simu sikioni. Nyuma yake simu ya Austine ililia.

— Wasee! Kura imetoka! Wame...

Badriya alimziba mdomo kwa kiganja.

Simu ilipokelewa kabla ya mlio wa tatu.

— Baba! Cissy alikuwa akihema. Baba, umesikia? Tunakwenda! Wamekubali!

Sauti ilikuwa ya furaha, ya kumeta, haina mkunjo. Hudson aliitambua. Ilikuwa sauti ya kile kicheko cha kwenye picha.

— Vizuri, mwanangu. Tutalizungumza hilo baadaye. Wewe mwenyewe hujambo?

— Sijambo, baba. Niko poa.

Kwa kawaida hapo ndipo alipokuwa akimwambia, Mungu akubariki, soma kwa bidii. Leo hakusema. Alinyamaza, na simu hakuikata. Ng'ambo ya barabara watu wanne walimtazama, na basi la kwenda metro likaja, likafungua mlango, likaufunga, likaondoka bila Shadia.

— Baba? Upo?

— Nipo.

— Uko kazini?

— Siko kazini. Jioni yote ni yako.

 Hudson alisikia mlango ukifungwa huko aliko Cissy, na kelele za wenzake zikipungua, na pumzi yake peke yake ikibaki.  Kisha sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, nzito, Hudson hakuwa ameisikia tangu mwezi wa kumi.

— Basi tafuta mahali ukae, baba.

Hudson akakaa pale pale, juu ya ukingo wa barabara, na sare yake ya kazi.