Jedidah Kagendo, Rubani Aliyesema Ukweli Kuhusu Barafu

Mchungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutoka Arlington, DeSoto na Houston, na ninyi mliosafiri kutoka nyumbani Chogoria, familia inawaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana dada yetu aliagiza mwenyewe kwamba maisha yake yasomwe yote, pamoja na ile sehemu ambayo wengi wetu tungependa kuiruka.

Marehemu Jedidah Kagendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Njagi na Mama Ciambaka. Alisoma shule ya msingi kijijini, ambako walimu walimjua kwa kuuliza swali la pili kabla la kwanza halijamaliza kujibiwa, akaendelea na shule ya sekondari ya wasichana mjini Chuka hadi mwaka 1989, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1993, na akafanya kazi Meru katika wodi ya wazazi kwa muda wa miaka saba.

Tarehe 3 Septemba 2000 aliwasili Houston, akapokewa na Cherotich, rafiki yake wa tangu chuoni, na wawili hao wakaishi katika chumba kimoja pale Sharpstown, wakipokezana kitanda kwa zamu, kwani mmoja alipotoka kazini kutunza wazee mwenzake ndiye aliyekuwa akiingia. Mwaka 2002 alifaulu mtihani wa uuguzi wa Texas, na tarehe 21 Agosti 2004 akafunga ndoa na Edson, mwalimu wa hesabu kutoka Taita, ambaye siku hiyo alichelewa kanisani kwa dakika arobaini na hajaacha kukumbushwa hadi leo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Brandon, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2005, na Whitney, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2008, mwaka mmoja baada ya familia kuhamia Arlington.

Habari ya ndege ilianza mwaka 2011, hospitalini, pale Kagendo alipokuwa akimuuguza mzee mmoja, rubani mstaafu, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga na kukataa katakata kufanya mazoezi ya kutembea. Kagendo alimwambia kwamba akifika mlangoni kwa miguu yake atamwomba ampandishe ndege, mzee akakubali, akafika mlangoni, na miezi mitatu baadaye akaitimiza ahadi. Dada yetu alishuka kutoka angani siku ile akiwa mtu mwingine, akaanza masomo katika kiwanja kidogo kusini mwa Arlington, na tarehe 6 Mei 2014, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, akapata leseni ya kurusha ndege ndogo ya injini moja.

Sasa tunafika pale alipoagiza tusiparuke. Jumamosi tarehe 13 Januari 2018, yeye na Edson walipanga kuruka hadi Houston, kwa sababu mama yake Cherotich, aliyekuwa amekuja kutembea, alikuwa arudi Kericho jioni hiyo, na Kagendo alikuwa ameahidi kumuaga. Ndege ilikuwa imelala nje, mabawa yakiwa na jalidi, ule unga mweupe wa barafu, naye akaufuta kwa kitambaa sehemu kubwa, akaacha tabaka jembamba karibu na ncha kwa kuwa saa ilikuwa inakimbia. Waliondoka saa tatu na dakika kumi asubuhi. Walipopita mji wa Ennis mawingu yalishuka, na ingawa leseni yake haikumruhusu kuingia mawinguni, na ingawa kugeuka nyuma kungemchukua dakika kumi na tano tu, alipanda juu akitumaini kutokezea kwenye jua.

Humo mawinguni barafu ilianza kushika kioo na mabawa, ndege ikawa nzito mkononi, mwendo ukapungua, kisha injini ikaanza kukohoa, kwa sababu barafu ilikuwa imeganda hata ndani ya kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa, ambayo ilihitaji kupelekewa hewa ya moto mapema, naye alichelewa kuvuta swichi ya hewa hiyo. Injini ilizima.

"Mama Brandon, tunashuka?" Edson aliuliza.

"Tunashuka, Baba Brandon. Inama ushike magoti, na usiinue kichwa hata nikipiga kelele."

Walitokea chini ya mawingu wakiwa karibu sana na ardhi, wakaangukia malisho ya ng'ombe karibu na Corsicana, wakavunja ua na kusimama kando ya bwawa la kunyweshea mifugo, na mwenye shamba ndiye aliyewatoa. Kagendo alivunjika pingili mbili za mgongo, na kifundo cha mguu wa kushoto cha Edson kilisagika, hata mkongojo mnaouona leo ni wa tangu siku hiyo.

Kabla hata hajaweza kuketi kitandani, maneno yalikuwa yameshaenea. Wengine walisema ni mkono wa mtu, wengine wakasema mwanamke na ndege wapi na wapi, lakini wengi walimtaja Dedan, fundi wa ndege anayeishi DeSoto, ambaye aliifanyia injini ile matengenezo wiki mbili kabla, na ambaye tayari alikuwa ameambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Siku wachunguzi walipokuwa waje, rafiki mmoja wa familia aliinama kitandani na kumnong'oneza, "Wewe sema injini ilizima, basi. Hiyo si uongo."

Na kweli haukuwa uongo. Kagendo alituambia baadaye kwamba alilala akiitazama dari kwa saa nzima, akiwaza leseni yake, akiwaza shemeji zake ambao tangu ajali hawakuwa wakimsemesha, na akiona jinsi maneno hayo mawili yangemtosha kabisa. Wachunguzi walipoketi, alisema, "Injini ilizima kwa sababu mimi sikuipa joto. Niliona jalidi nikaiacha. Niliona mawingu nikaingia. Fundi hana kosa, andikeni hivyo." Kisha akaomba apewe namba ya simu ya Dedan.

Dedan alifika kesho yake, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Fundi, nisamehe," Kagendo alimwambia. "Umebebeshwa mzigo wangu."

Dedan akasema, "Dada, mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli nilisahau kitu. Nimekuwa nikizifungua zile skrubu kichwani kila siku." Akaketi, na tangu siku ile akawa ndugu katika nyumba yao. Alirudishwa kazini mwezi wa tatu, na ripoti ilipotoka ilikubaliana na maneno ya Kagendo, naye akanyang'anywa leseni kwa muda.

Edson hakutamka neno ndege kwa miezi minne, mpaka jioni moja mke wake alipokuwa akimweleza kwa mara ya kumi mambo aliyokosea, akamkatiza, "Mbona unaniambia mimi kila siku? Mimi si rubani. Waambie wanaoruka." Hayo ndiyo maneno yaliyoanzisha darasa. La kwanza lilifanyika Novemba 2018 katika ukumbi wa kanisa Arlington, wakaja watu tisa, wanne wao wakiwa jamaa waliofuata mandazi. Kagendo alipitisha kipande cha msasa mkono kwa mkono, akasema, "Barafu ya unene huu, yenye mkwaruzo huu, inatosha kulinyima bawa nguvu ya kukubeba," naye Dedan akafungua kabureta juu ya meza na kuonyesha barafu inapojificha, hata siku ambayo nje hakuna baridi kali. Walieleza juu ya mrija wa kupimia mwendo unaoweza kuziba na kukudanganya, na juu ya mafuta yenye maji, lakini kila mara Kagendo alimalizia kwa kusema kwamba sababu ya kwanza ya ajali nyingi aliyoijua yeye ilikuwa ni mtu kuwa na mahali pa kuwahi. Kila Novemba darasa lilirudiwa, Arlington na kisha Sharpstown, na mwaka jana walihudhuria watu themanini na wanne.

Leseni yake ilirudi, na tarehe 17 Oktoba 2020 akaruka tena. Edson alikataa kubaki nyumbani, akapanda kando yake, na akasali kwa sauti mpaka waliposhuka.

Jumanne tarehe 31 Januari 2023, Lemayian, kijana aliyekuwa amesoma katika darasa la Sharpstown, alimpigia simu akiwa kiwanjani Houston, tayari kuruka, kwa kuwa kesho yake alikuwa na mahojiano ya kazi Dallas.

"Hapa ni mvua tu, anti, hakuna barafu," alisema.

"Na Corsicana je?"

"Sita-land Corsicana. Napita juu tu."

"Na mimi sikupanga kutua huko, mwanangu."

Lemayian aliifunga ndege kamba, akawapigia waajiri, nao wakamsogezea siku hadi wiki iliyofuata. Kazi hiyo aliipata, na leo yuko miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mwezi Septemba 2024 Kagendo aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa katika hospitali moja ya Dallas, ambako aliwauliza madaktari yale maswali yake ya pili bila kuchoka, na Novemba akafundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliaga dunia nyumbani kwake Arlington, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, Edson, Brandon na Whitney wakiwa wamemshika mikono. Hakuwa na hofu, na alicheka mara ya mwisho saa moja kabla, kwa sababu Edson alichelewa kuleta chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mwenzao, majirani waliopika na kumchukua Whitney shuleni, wafanyakazi wenzake waliogawana zamu zake, mchungaji na kanisa, fundi Dedan, na yule mwenye shamba wa Corsicana ambaye amekuja na mkewe leo na ameketi pamoja nasi. Tunawashukuru pia watu ambao hatuwajui na hatutawajua, waliotazama anga asubuhi fulani ya baridi, wakafunga mlango wa ndege na kurudi nyumbani kwa watoto wao, kwani ajali ambayo haikutokea haiandikiwi ripoti, na hatuna njia ya kuwahesabu, ila tunajua wapo, wengine labda wako kazini saa hii wakilalamikia foleni.

Dada Kagendo, tumeyasoma yote kama ulivyotaka. Lala kwa amani ya Bwana.