Bi Muriel Hacquoil Ala Chakula cha Mchana Siku ya Ijumaa

Ijumaa tarehe 27 Juni 2008, Bi Muriel Hacquoil alistaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili hapa Saint Helier kwa miaka thelathini na minane. Alipoajiriwa mwaka 1970, mikataba ya nyumba na mashamba ya Jersey iliandikwa kwa Kifaransa, ilhali wengi wa wenye nyumba na mashamba hayo walikuwa wamekwisha kukisahau. Siku hizi mikataba mipya huandikwa kwa Kiingereza. Tunaweza kusema basi, bila kutia chumvi sana, kwamba Kifaransa cha mahakamani kimestaafu kabla yake.

Kazi yake ilikuwa kuchukua mikataba ya ndoa na hati za mirathi za mababu na kuzigeuza ziwe Kiingereza cha kueleweka. Mwenye kuuza au kununua nyumba alikisoma Kiingereza hicho, kisha Ijumaa mchana akaenda mahakamani, akainua mkono wa kulia na kuapa kwamba hatakwenda kinyume na hati. Mtu akishaapa, ameapa. Wengi waliapa kwa kumwamini Bi Muriel tu, kwa kuwa Kifaransa chenyewe hawakukijua.

Ndiyo maana Ijumaa alikuwa hali kitu. Sandwichi yake ya kaa ilikaa juu ya kabati mpaka mahakama inapoinuka baada ya kiapo cha mwisho, na paka wa jirani aliijua ratiba hiyo kuliko sisi. Wageni walidhani anafunga kwa ajili ya dini. Wapi! Yeye ni Mmethodisti wa Saint Ouen, binti wa wakulima wa viazi, na siku nyingine za wiki anakula vizuri sana. Ilikuwa ni hofu tu, na hakuificha. Alisema chakula hakipiti kooni wakati kuna mtu amesimama mahakamani ameinua mkono kwa ajili ya maneno aliyoyachagua yeye.

Kwa hofu hiyo alijiwekea desturi moja: hakuandika jambo ambalo hajalitazama kwa macho. Chini ya meza yake hazikukosekana buti za mpira. Mwaka mmoja alipata hati inayompa mjane theluthi ya kinu cha kukamulia matufaha, akaona lazima akajue theluthi ya kinu inakaliwaje. Alikiona kinu, na fahali wa shamba akamwona yeye. Ng'ombe majike wa kisiwa chetu ni wapole, lakini madume yao hayana urafiki na mtu. Bi Muriel aliruka ukuta wa mawe akiwa ameing'ata hati kwa meno, akarudi ofisini na soksi moja, akaandika tafsiri ambayo mpaka leo hakuna aliyeibishia.

Lakini jambo ambalo sote tutamkumbukia ni lile la mwaka 1994, la Bi Olive Le Maistre.

Bi Olive aliolewa na mkulima Wilfred Le Maistre mwaka 1951. Katika mkataba wa ndoa, Wilfred alimwekea mkewe fungu la mjane: vyumba vya upande wa magharibi wa nyumba, njia ya kwenda kwenye tanuri la mkate, na maji ya kisima, maisha yake yote. Wilfred akafariki bila mtoto. Shamba likamwangukia Clifford, mtoto wa mdogo wake, naye hakukawia kutafuta mnunuzi. Akampata Bwana Gerald Prowse kutoka Bristol, akamwambia nyumba itakuwa tupu. Bi Olive wala hakuulizwa.

Clifford alikuja kwetu na haraka zake. Alitaka tafsiri fupi, fungu la mjane litajwe kwa neno moja kama lilivyo kwenye kamusi. Neno lipo, na ni sahihi. Tatizo ni kwamba kule Uingereza jambo lenyewe lilikufa zamani. Mwingereza akilisoma ataona ni pambo la kale, kama upanga uliotundikwa ukutani. Neno sahihi lingemdanganya mtu, na kikongwe angejikuta nje na viazi vyake.

Bi Muriel akakataa kutia sahihi. Clifford akatishia kuhamishia karatasi zake ofisi nyingine. Wakili wetu mkuu wa wakati huo, Bwana Vibert, alimsihi asikuze mambo. Bi Muriel akavaa buti. Alhamisi akawaomba Bwana Prowse na Clifford tukutane shambani, nami nikaendesha gari nikijua kwamba mteja akiondoka, wa kulaumiwa ni mimi na yeye.

Tulimkuta Bi Olive anamenya viazi. Bi Muriel akasimama kando ya dohani, akasoma Kiingereza alichokiandika: kwamba kuanzia dohani hiyo mpaka ukuta wa magharibi, Olive Le Maistre atakaa humo mpaka siku atakapokufa, na hakuna mwenye shamba, wa sasa wala wa baadaye, anayeweza kumtoa.

Bwana Prowse akauliza huyo Olive alikuwa nani, maana alidhani ni mtu wa karne iliyopita.

"Ndiye mimi," akasema Bi Olive, kisu mkononi. "Na wewe je, ni mgeni wangu, au ndiye unayenihamisha?"

Clifford akajichekesha. "Mama mkubwa, si tulishazungumza habari ya kwenda kule kwenye nyumba ya wazee?"

"Ulizungumza wewe, mwanangu. Mimi nilikuwa namenya viazi."

Bi Muriel aliniambia baadaye kwamba fahali hakumtisha kama dakika ile. Mnunuzi angejitoa, Clifford angemgeuzia kikongwe hasira zake zote, na ofisi ingekosa kazi kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja mwenye buti.

Bwana Prowse aliutazama mlango, akayatazama mapazia, akamtazama Bi Olive.

"Kesho nilikuwa naenda kuapa," akasema. "Ningeapa, halafu ningekuja na lori la mizigo nimkute huyu mama humu ndani. Bora nimesikia leo." Kisha akauliza kama tanuri la mkate bado linawaka.

Kwa kweli nilitaka kumkumbatia. Nilishusha pumzi hadi mapazia yakatikisika. Ijumaa Bwana Prowse aliinua mkono mbele ya mahakama akijua kila kitu, na mahakama ilipoinuka Bi Muriel alikula sandwichi yake na yangu pia. Tangu mwaka huo, hati yoyote ya fungu la mjane inayotoka hapa husomwa kwanza mbele ya mjane mwenyewe. Bwana Vibert alipostaafu alisema hilo ndilo jambo bora lililofanyika chini ya uongozi wake, na kwamba yeye alikuwa amelipinga.

Ijumaa ya kumuaga, saa sita mchana, gari la Bwana Prowse lilisimama mlangoni petu. Alishuka yeye na beseni, kisha akamshusha Bi Olive, sasa ana miaka themanini na miwili na bado anakaa upande wa magharibi. Beseni lilijaa maandazi ya kusokota, yale ya nyumbani, bado ya moto. Bwana Prowse alitueleza kwamba mkewe naye anajifunza kuyakaanga, ila anayaunguza, na Bi Olive humpa yeye Bwana Prowse ya kwake kwa siri kupitia mlango wa tanuri.

Sahani ikawekwa mbele ya Bi Muriel. Akainua macho kuitazama saa ya ukutani; mahakama ilikuwa bado haijakaa. Mkono wake ukarudi nyuma wenyewe.

"Kula, Muriel," akasema Bi Olive. "Leo hakuna anayeapa kwa maneno yako. Na sisi tulioapiwa, mbona tunalala salama."

Akala andazi la kwanza akilia, la pili akicheka. La tatu alisinzia nalo mkononi, hata shukrani zetu tukazisoma peke yetu.

Asante, Bi Muriel, kwa milango yote uliyoigonga kabla ya kuandika. Buti tumeziweka palepale chini ya meza, atakayekuja azikute. Wewe nenda nyumbani Saint Ouen ukaketi mezani mapema, kila Ijumaa, miaka mingi na ya heri, na sahani isibaki na kitu.

Doreen Querée, kwa niaba ya wenzako wote