Banda Lisiloacha Taka: Fundi Sifuna Anakabidhi Ufunguo

Tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minane ya utumishi, Bwana Sifuna Makokha atakabidhi ufunguo wa karakana ya Ushirika wa Mbegu wa Tarajia hapa Kitale na kurudi kwao Bumula.

Aliajiriwa kama seremala wa masanduku ya mbegu. Mwaka uliofuata alipewa kazi ambayo wengine waliikwepa: kujenga banda letu la maonyesho ya kilimo, Kitale kwanza, kisha Bungoma. Amejenga zaidi ya hamsini. Ni mtu wa maneno machache na kiburi cha kutosha. Hupima mara tatu, hukata mara moja, na kipande kikipungua humlaumu aliyeshika futi. Nimeishika futi hiyo miaka mingi, kwa hiyo najua ninachosema.

Zamani banda letu lilimeremeta. Mabango ya plastiki pande zote, kapeti mpya ya kijani, herufi kubwa za sponji nyeupe. Maonyesho yakiisha, vyote vilikuwa taka kwa siku moja. Vingi tulivichoma nyuma ya banda, na moshi wake ulitutoa machozi. Mwaka 2019 Sifuna alipima taka zetu kwa mizani ya mbegu, akapata kilo mia mbili na kumi na mbili. Mabango yaliyokuwa bado mazima aliwagawia wanachama wafunikie sileji, yaani majani ya ng'ombe yaliyovundikwa, nasi tukamsifu kwa ukarimu huo.

Mwaka 2022 Bi. Waruguru, mwanachama wetu wa Kiminini, alifiwa na ng'ombe wake wa maziwa, yule wa lita kumi na nane kwa siku. Daktari wa mifugo alipompasua tumbo alitoa donge la plastiki lenye herufi nne za jina letu. Ng'ombe alikuwa ametafuna bango ambalo Sifuna alimpa mama huyo kwa mkono wake mwenyewe. Sifuna alienda kuomba msamaha. Bi. Waruguru alimsikiliza mlangoni akiwa amesimama, wala hakumkaribisha chai. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya hilo.

Kesho yake Sifuna alimwambia meneja wetu, Bwana Muturi, kwamba hatajenga tena banda la plastiki. Bwana Muturi ni mtu mwema, ila kombe anapenda. Alimpa fundi nafasi moja, maonyesho ya 2023. Banda likishinda kombe Kitale, vyema. Likishindwa, plastiki itarudi kabla ya Bungoma, na Sifuna atarudi kwenye masanduku mpaka siku ya kustaafu. Mimi niliagizwa kuchapisha bango moja la akiba na kulificha kwenye pikapu. Nililificha, fundi, na leo nakuomba radhi mbele ya ushirika wote.

Sifuna alichora banda la mianzi na fito, lililoshikana kwa vigingi na kamba za katani bila msumari hata mmoja, ili lifunguliwe na kupakiwa lori kwenda Bungoma. Kuta zingekandikwa udongo wa pale pale uwanjani, na maonyesho yakiisha udongo ungerudi ardhini. Jina letu lingeandikwa ukutani kwa chokaa.

Hapo ndipo alipokosea. Bi. Wilkista Nakhumicha wa Kibabii, ambaye wakati huo alifagia ofisi na kutupikia chai, amekandika nyumba tangu utotoni. Alipomwona fundi akikanda udongo mtupu, alimshauri atie kinyesi cha ng'ombe na majivu. Sifuna alimjibu mbele yetu sote kwamba wageni hawaji kunusa zizi, na kwamba kazi ya chai inamtosha. Sisi tulicheka. Bi. Nakhumicha akachukua birika lake akaenda zake.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Siku moja kabla ya majaji kupita, mvua ya alasiri ilipiga uwanja kwa saa mbili. Asubuhi yake, saa moja kamili, tulikuta ukuta wa mbele umemomonyoka, fito ziko nje, na jina letu limekuwa tope jeupe. Majaji walikuwa wanakuja saa nne.

Bwana Muturi aliniambia nilete bango. Nilileta. Sifuna alilitazama likikunjuliwa, jipya, likinuka rangi, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Niliogopa ataanguka. Aligeuka, akavuka hadi jikoni nyuma ya banda, ambako Bi. Nakhumicha alikuwa akiosha vikombe, nasi tukamfuata. Miaka yote hiyo alimwita mama wa chai. Asubuhi hiyo alimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Kevin," alisema, "nilikukataa mbele ya watu, sasa nakuomba mbele ya watu. Nifundishe hii kazi."

Bi. Nakhumicha alipangusa mikono taratibu. Nilidhani atamwacha aonje alichompikia mwenzake, na angekuwa na haki.

"Toa viatu, fundi," akasema. "Mavi ya ng'ombe haichanganywi na mwiko."

Tulibahatika kwamba banda la ng'ombe wa mashindano lilikuwa hatua hamsini tu. Watu walibeba kinyesi kwa karai, wengine wakafuata majivu kwa wauza chai. Sifuna alikanyaga mchanganyiko ule, suruali imekunjwa magotini, akiambiwa ongeza maji, punguza, kanyaga tena. Bi. Nakhumicha alisiriba kwa kiganja, tabaka jembamba ili liwahi kukauka. Bwana Muturi alisimama kando na saa yake, bango miguuni. Alikuwa amesema lazima litundikwe saa nne kasorobo ikiwa ukuta hautakuwa na jina.

Saa nne kasoro dakika ishirini chokaa ilimaliza herufi ya mwisho. Kona ya kushoto ilikuwa bado mbichi. Jaji mkuu aliikaribia kona hiyo hiyo, akainua mkono. Aligusa ukuta kiasi cha shubiri moja kutoka penye ubichi, akaandika kitu, akapita.

Tulishika nafasi ya pili.

Kombe lilienda kwingine, na masharti yalikuwa masharti. Sifuna alianza kukusanya vifaa vyake. Alasiri hiyo Bi. Waruguru akatokea. Hakuwa amekanyaga banda letu tangu ng'ombe wake afe. Alizunguka pande zote, akachungulia nyuma, akainua kitambaa cha meza akitafuta plastiki, hakuipata. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaomba chai. Bi. Nakhumicha alimmiminia. Sifuna alitoka nje haraka akisema anaenda kuhesabu mianzi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Bwana Muturi aliyaona yote. Aliniambia bango lilale stoo, na mpaka leo limelala.

Tulipovunja banda, udongo ulirudi ardhini na taka zetu zilikuwa kilo tisa, karibu zote chupa za soda za wageni. Tangu hapo tumejenga hivyo Kitale na Bungoma kila mwaka. Kuna wafanyabiashara waliotoka mpakani Suam kuja kujionea jinsi vigingi vinavyoshikana.

Mwezi uliopita wasiwasi ulirudi. Kamati iliuliza nani atajenga banda la Bungoma fundi akiondoka, maana pasipokuwa na mtu, bango lipo. Bwana Muturi alimwita Sifuna amtaje mtu ambaye yeye fundi amemfundisha kazi hiyo.

"Ukuta ule sijamfundisha mtu," Sifuna alimjibu. "Aliyenifundisha mimi ndiye anafagia hapo nje."

Kisha Bwana Muturi akaniambia niandike barua, na nimeandika barua nyingi katika ofisi hii lakini hiyo niliiandika kwa furaha kuliko zote. Kuanzia tarehe 1 Novemba, Bi. Wilkista Nakhumicha ndiye fundi mkuu wa mabanda ya Tarajia.

Fundi Sifuna, ushirika unakushukuru. Mungu akupe afya, mahindi yako ya Bumula yastawi, na wajukuu wakushikie futi bila kulaumiwa. Wengi hustaafu wakituachia kazi ya mikono yao. Wewe umetuachia pia mtu ambaye tulimpita kila asubuhi kwa miaka kumi na minne, tukimwambia tu alete chai.

Joan Chepkemei
Idara ya Mauzo