Majani ya Ng'ombe Watano

Nikalisheni, wanangu, mto uwe mgongoni, na asilie mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubembeleza watu wazima.

Shamba hili linalisha ng'ombe watano, basi. Upande huu bahari, upande ule ukuta wa jirani, na hakuna atakayetuongezea kisiwa. Nimepanda majani mpaka mlangoni mwa choo, mpaka juu ya kaburi la mama yenu, mkaninunia mwaka mzima, na maziwa ya majani yale mkanywa.

Kwa hiyo shamba haligawanywi. Banda, ng'ombe, mashine ya kukatia majani, vyote ni vya binti yangu. Wewe kaka mtu utavuka maji ukatafute maisha yako huko.

Usinikodolee macho! Najua umekata majani tangu hujaota ndevu, najua mgongo wako umekwisha kwa mizigo, na ni wewe unayenigeuza kitandani na kunisafisha. Lakini mwaka ule wa ukame, nilipolazwa hospitali, nilikuachia ng'ombe saba, na wewe na huruma zako ukawagawia majani sawasawa, kila mmoja kimzigo chake, mpaka wote wakabaki mifupa na wanne wakafa. Dada yako alikuwa anakwambia chinja wawili, chinja wawili, ukamwita katili. Nikikupa banda utamweka ndama dume eti ana macho mazuri. Wema wako utanimalizia ng'ombe.

Binti, ndama dume auzwe kabla hujamzoea. Ng'ombe akikauka maziwa, usimpe hata wiki. Na mimi msinizike hapa nikala nafasi ya majani. Nipelekeni makaburi ya mji.

Maji... nipe maji, mkubwa. Mbona umeweka kikombe chini? Unakwenda wapi? Nakuita mimi, baba yako... Haya, nenda. Kumbe unaweza! Ungenigeuzia mgongo hivyo tangu zamani, banda ningekupa wewe, mjinga we.

Usimwite, binti, mwache aende. Sogea... nikubariki. Mungu akupe mkono usiotetemeka, akupe... akuzidishie maziwa, asikutie huruma ya...

Maji, binti... kikombe kile pale. Mbona huinuki?