Lazima Mweupe Afichwe

"Huyo mweupe tukimficha nyuma ya mweusi, nani atamwona?" Mzee wa kofia aliuliza hivyo kabla tuktuk haijatoka Kondele. Nikakumbatia kikapu changu.

Msichana aliyekaa kati yetu hakushtuka. "Kumficha si shida, Mzee. Shida ni nimpige wapi."

"Chini, tena polepole. Atasimama hapo hapo."

"Ile siku nilimpiga chini, akarudi nyuma, kila mtu akamwona. Leo nampiga ubavu, agonge ukingo, azunguke, ajifiche mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoona chaki ya buluu vidoleni mwake, na fimbo ya pool katikati ya magoti. Nikapumua. Mweupe alikuwa mpira. Walikuwa wanaenda fainali Kisian, dhidi ya mama mmoja ambaye akipata njia hakosi shimo, kwa hiyo njia lazima izibwe.

"Naeema, nyathina, mwanangu, ile meza imeinama upande wa ziwa. Ukizungusha mpira utampelekea huyo mama."

"Kama imeinama, si ndiyo itanisaidia?"

Mimi sijawahi kushika fimbo hiyo, lakini nilijikuta nasukuma limau kwenye kikapu kwa kidole, mara chini, mara ubavuni.

Tuktuk ikasimama Kisian. Walishuka bado wanabishana. Dereva akanigeukia, jasho linamtoka. "Mama, kwani huyo mweupe amekosea nani?"

"Sijui," nikamwambia, "lakini mimi ningempiga ubavu."