Aliyemrudia Mungu Siku ya Shibe

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza mama yetu, mwokaji ambaye wengi wenu mlimwita Mama Moto, tunawasomea maisha yake kama tulivyoyashuhudia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1948, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na muuza mboga, akaanza shule mwaka 1956, akaiacha akiwa darasa la sita baba yake alipoanguka kutoka ghorofani kazini, naye akaajiriwa kuchekecha unga katika kiwanda kidogo cha mikate, akajifunza kukanda hadi mabega yakatanuka kama ya mbeba mizigo, jambo alilojivunia mno.

Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watano. Mwaka 1978 baba alilazwa, hajitambui, mama akashinda kanisani akilia na kuahidi mengi, lakini baba alipopona, ahadi zikapoa taratibu. Mama akafungua kiwanda chake cha mikate, biashara ikashika kasi, na tulipomuuliza kuhusu ibada alitujibu kwamba Mungu naye anastahili kupumzika, asisikie tena kelele za mama.

Ndipo ikaja asubuhi ya tarehe 3 Machi 1986, ambayo mpaka leo hatujui tuieleze vipi. Nyumbani hapakuwa na mgonjwa wala msiba, kiwandani tanuri lilikuwa limejaa mikate, sisi watoto tumekaa juu ya magunia ya unga tukila mkate wa moto kabla ya shule, baba akituchekesha, na mama aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni akatokwa na machozi, akaondoka na aproni yake ya unga hadi kanisani. Mfagizi wa kanisa alipomkuta amepiga magoti alimuuliza, "Pole, mama, nani anaumwa?"

"Hakuna," akajibu. "Wote wazima, wote wameshiba. Ndiyo maana nimekuja."

Mfagizi akaweka ufagio chini, akapiga magoti kando yake.

Agosti 2004 kiwanda kiliteketea chote, majirani wakakimbilia nyumbani wakidhani watamkuta amezimia, kumbe yuko kanisani, na baba aliyemfuata alimsikia akisema, "Mungu wangu, ni mimi yuleyule," kwa utulivu uliomfanya baba avue kofia na kubaki mlangoni. Alianza upya uani, na jiko moja la mkaa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Hospitalini, wagonjwa wenzake waliomba asihamishwe, kwani kila alipoamka na kushukuru, wodi nzima ilinyamaza kumsikiliza. Alifariki tarehe 11 Juni 2021 asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba, ameacha mume, watoto watano na wajukuu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, na waokaji wenzake waliofunga kazi leo wakaja kumbeba.

Mama, tulikuzoea tukadhani tunakujua. Pumzika kwa amani mikononi mwa Mwenyezi, nasi tunabaki tukistaajabu.