Mwalimu Bado, Aliyefundisha Kutazama Mbele

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, ambayo imechoka kama mnavyoiona, tunawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu, mliyemzoea kwa jina la Mwalimu Bado.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza sekondari mwaka 1975, akawa dereva wa malori, na tarehe 4 Juni 1983 akafunga ndoa na mama tuliye naye hapa, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Tarehe 17 Agosti 2002 kijana wao, mwenye miaka kumi na minane, aliyefundishwa na baba yake gia na breki hata akazijua kama kiganja chake, akiwa anaendesha gari aliona mpira ukivuka barabara, akaupisha, akaongeza mwendo, hakumfikiria mtoto anayeufuata, alipomwona akamkwepa, mtoto akapona, yeye akagonga nguzo, akatutoka.

Baba aliacha malori, akafungua darasa la udereva kwa vijana, na wiki ya kwanza hakuna aliyegusa usukani, waliketi kwenye benchi la njia panda wakitaja hatari kabla haijatokea, miguu inayoonekana chini ya gari lililoegeshwa, mlango wa teksi unaotaka kufunguka, na kila aliyeuliza kama sasa aendeshe alijibiwa bado, wazazi wakanung'unika kwamba wamelipia gari wamepewa benchi, naye akawaambia haraka haraka haina baraka, akarudi kuketi.

Tangu msiba ule hakuwahi kufumba macho ndani ya gari linalotembea, na binti yake, aliyefaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, alikaa miaka tisa bila kuruhusiwa kumwendesha, jambo lililomuuma sana, tusifiche.

Figo zilimsumbua tangu Januari mwaka jana, na asubuhi ya tarehe 2 mwezi huu alizidiwa, hapakuwa na dereva mwingine, binti akashika usukani, baba akamuuliza anaona nini mbele, naye akamtajia, baiskeli inayoyumba, mbwa ukingoni, basi lililosimama ambalo lazima mtu atokee mbele yake. Alimsikiliza hadi darajani, kisha akaegemeza kichwa, akafumba macho, akalala, na binti akaendelea kutaja kwa sauti ya chini mpaka mlango wa hospitali. Alifariki tarehe 5, usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, walimu wenzake, na vijana wake mliokuja leo kwa mwendo wa taratibu. Mwalimu, umekesha vya kutosha, pumzika kwa amani, barabara tunaitazama sisi.